Mnyororo wa Kanjo na Njia ya Baiskeli: Maswali kwa Wanaoomba Kura Nairobi

Wazee wetu, akina mama, vijana wa stejini, na nyinyi mliokuja na baiskeli mkazifunga hapo nje kwenye nondo za madirisha kwa kuwa ukumbi huu una uwanja mzima wa magari na hauna hata chuma kimoja cha kufungia baiskeli: hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie wanaoomba kura na msimamo wao kuhusu baiskeli jijini. Niseme mapema kwamba wengi wao hawana msimamo. Wana majibu. Jibu hutolewa papo hapo jukwaani, mtu akiulizwa na kipaza sauti kikiwa mkononi. Msimamo huonekana mwezi wa Juni, Bunge la Kaunti linapopitisha bajeti na hakuna mwenye kamera aliyebaki.

Tarehe ya kura tunaijua, ni Agosti 10, 2027. Siku hiyo Nairobi itachagua gavana na wawakilishi wa wadi 85, pamoja na wale wa ngazi ya kitaifa ambao leo nitawaweka kando. Wawaniaji wameshaanza kupita mitaani. Kuna anayelipia matanga, kuna anayenunua jezi za timu, na kuna wa tatu aliyemwaga muramu lori mbili mbele ya kanisa akapiga picha. Ndio msimu. Basi na sisi tuwe na letu la kuwauliza, tena tuliulize vizuri, kwa sababu swali baya humpa mwanasiasa nafasi ya kupumzika.

Kwanza tukubaliane ni nani tunayemsemea. Mkisikia "waendesha baiskeli wa Nairobi" kwenye redio, mnaletewa picha ya mtu wa kofia ngumu na suruali ya kubana, Jumapili asubuhi, akielekea msitu wa Karura. Huyo ni mwenzetu na ana haki yake. Lakini simama saa kumi na moja na nusu alfajiri pale wanapotokea watu wa Kawangware kuelekea Lavington. Utawaona walinzi, sare imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki nyuma ya kiti, wanawahi kumpokea mwenzao wa zamu ya usiku. Simama Likoni Road uone vijana wa Eneo la Viwanda wakitoka Makadara, Mukuru, Umoja. Muuza mkate yuko juu ya baiskeli yenye sanduku, muuza maji ana mitungi minne, na mnoa visu ana jiwe lake lililofungwa kwenye fremu, akisimama analizungusha kwa pedali zile zile. Hawa hawaendeshi kwa afya. Wanaendesha kwa sababu mvua ikinyesha nauli ya matatu inapanda mara mbili, na kwa sababu tangu petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita mwezi wa Septemba 2023, mtu wa mshahara mdogo alijifunza hesabu mpya.

Tu wachache, lazima tukiri. Kila uchunguzi wa usafiri uliofanywa jijini hutuweka kwenye asilimia moja au mbili hivi ya safari zote. Mwaniaji anayejua kuhesabu kura ataangalia nambari hiyo na kwenda zake. Ila uchunguzi huo huo unasema watu wanne hivi kati ya kumi wanakwenda kwa miguu tu, kutoka mlangoni mpaka wanakofika. Na kila mwaka, katika watu zaidi ya 4,000 wanaouawa na ajali za barabarani nchini, wanaotembea kwa miguu ni zaidi ya theluthi moja. Njia iliyokatika inayomtupa mwenye baiskeli katikati ya lori ndiyo inayomtupa mama mwenye mtoto mgongoni. Ndiyo inayomfungia nyumbani mwenye kiti cha magurudumu, na ndiyo inayomlazimisha wa mkokoteni kusukuma mzigo wake katikati ya barabara huku akitukanwa na kila konda. Kwa hiyo tukienda kwa mwaniaji peke yetu, sisi na kofia zetu, tumeshindwa kabla hatujafungua mdomo. Twende na wanaotembea. Hapo hesabu inageuka.

Kuhusu mkokoteni, niwachekeshe kidogo. Mwaka wa 2022 wilbaro ilizungushwa nchi nzima kwenye kampeni, ikapigiwa makofi na kutungiwa nyimbo. Sikumbuki hata mtu mmoja aliyeuliza itasukumwa kwenye njia gani.

Sasa hayo majibu. Nimekuwa nikihudhuria vikao vya mtaani, na kila nilipopata kipaza sauti niliuliza swali moja: utamfanyia nini mtu anayekwenda kazini kwa baiskeli? Sitataja jina la mtu, kwa sababu majibu yanafanana kiasi kwamba jina halingewasaidia. Wako wanaocheka. Wanasema baiskeli ni ya mashambani, mtu wa Nairobi ndoto yake ni gari. Hao msipoteze muda nao, ingawa nawashukuru kwa ukweli wao. Wako wanaopanda baiskeli wenyewe, hasa ikifika tarehe 3 Juni, Siku ya Baiskeli Duniani, kwa umbali wa kutosha picha, mbele wakiwa na pikipiki ya ving'ora na nyuma Prado mbili. Hao ni burudani, tuwapigie makofi waende.

Wanaostahili muda wetu ni wa aina mbili: anayesema "nitajenga njia za baiskeli jiji zima" na anayesema "hilo si langu, ni la KURA", yaani la mamlaka ya kitaifa ya barabara za mijini. Wote wawili wanatudanganya, kila mmoja kwa upande wake.

Nianze na huyu wa KURA, maana anazungumza kama aliyesoma. Ni kweli barabara za jiji hili zina wenyewe mbalimbali. Sheria ya Barabara ya mwaka wa 2007 iliunda mamlaka tatu za kitaifa: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini, KeRRA kwa za mashambani. Katiba ya 2010 ilipokuja, ikaipa kaunti barabara za kaunti. Hivyo mtu akitoka Umoja kwenda Eneo la Viwanda kwa baiskeli anaweza kupita kwa wenyewe wawili au watatu kabla hajafika kazini, na hakuna kibao kinachomwambia amevuka mpaka. Outer Ring ni ya KURA, imepanuliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Waiyaki Way na Mombasa Road ni za KeNHA. Kichochoro cha nyuma ya nyumba yako ni cha kaunti. Mwaniaji wa MCA, yaani mwakilishi wa wadi, akikwambia hawezi kumwaga zege kwenye barabara ya KURA, amesema kweli, wala usimlazimishe aahidi. Akiahidi, ndipo uanze kumtilia shaka.

Lakini mfungulieni Katiba, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili. Miongoni mwa kazi za kaunti kuna barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, na usafiri wa umma. Trafiki na maegesho! Hapo ndipo nataka tukae, kwa sababu ndipo ugonjwa wenyewe ulipo.

Niwaeleze kipande kimoja cha njia. Siutaji mtaa, kila mmoja wenu anao wake. Njia ya baiskeli ipo, imewekwa kabro, imechorwa hata alama ya baiskeli nyeupe ambayo sasa limebaki gurudumu moja na mpini. Upana wake unakaribia mita mbili, ambazo ndizo kiwango cha chini kinachofaa. Mchoraji alifanya kazi yake. Unaingia, unapiga pedali kidogo, unakutana na gari jeupe limepanda juu ya kabro, magurudumu mawili kwenye njia na mawili kwenye barabara, mwenyewe yumo dukani ananunua simu. Unashuka. Unalizunguka upande wa barabara, matatu inakupigia honi. Unarudi juu, unakuta geti la kituo cha petroli, njia imekatwa kwa mteremko ili magari yaingie, hakuna alama, na dereva anayeingia hakuangalii kwa sababu hakuna kitu kinachomwambia upo. Ukishapita hapo, kuna magari matano yanasubiri kuoshwa, maji ya sabuni yanatiririka juu ya kabro. Mbele tena shimo la maji taka halina kifuniko. Kifuniko kiliuzwa skrepu, na msamaria mwema amechomeka tawi la mti lenye matambara mekundu ili usiku mtu asitumbukie. Kisha njia inakwisha kwenye ukingo wa mtaro, kama ngazi, bila onyo. Mtu mwenye mitungi minne ya maji hawezi kuruka ngazi.

Katika yote niliyoyataja, ni lipi linalohitaji kujenga? Ule ukingo wa mtaro, na pengine lile geti. Mengine yote ni usimamizi. Gari jeupe ni usimamizi. Waosha magari pia, na kifuniko, na taa ambayo haiwaki. Jiji hili limeshamwaga zege jingi kuliko linavyokiri. Thika Road ilipozinduliwa mwaka wa 2012 ilikuwa na njia za pembeni za miguu na baiskeli. Outer Ring ilijengewa, Ngong Road ikajengewa kwa msaada wa Japani. Pale Gigiri, UN Avenue, kuna kipande kisichofika hata kilomita mbili kilichojengwa kuwa mfano, na kila mgeni huonyeshwa. NMS ya Meja Jenerali Badi, idara ya kitaifa iliyoshika kazi kadhaa za kaunti kati ya 2020 na 2022, iliweka kabro na njia za baiskeli katikati ya jiji. Siwasifu bure. Mahali pengi kazi ilikatikia njiani, na Barabara ya Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilijengwa juu ya vichwa vyetu huku baiskeli, pikipiki na tuk-tuk zikipigwa marufuku kupita huko juu, na chini Mombasa Road wenye miguu walikaa miaka wakipita kwenye vumbi na mashimo. Lakini hatuanzi sifuri. Mwaniaji anayekuja kutuahidi "kujenga" bila kusema atafanyaje na kile ambacho tayari kimejengwa, anatuahidi maegesho mapya.

Turudi kwenye gari jeupe. Hebu lipeleke gari hilo hilo katikati ya jiji, liegeshe bila kulipa ada ya kaunti, halafu nenda kanywe chai. Ukirudi utakuta mnyororo umefungwa gurudumuni. Kanjo, wale askari wa kaunti, hawachelewi. Wana minyororo, wana gari la kuvuta, wana mashine ya kukagua nambari, na mtu wa zamu ya asubuhi yupo. Hakuna aliyewahi kusema hiyo ni kazi ya KURA. Kwa hiyo uwezo wa kuliondoa gari mahali lisipotakiwa upo ndani ya Serikali ya Kaunti leo hii, umelipiwa, una sare. Unatumika pale kaunti inapodai pesa yake. Pale gari linapoziba njia ya mlinzi wa Kawangware, mnyororo unabaki ofisini.

Hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza anayetaka ugavana: utauleta mnyororo kwenye njia ya baiskeli, na utaanza na barabara gani, mwezi gani? Asiponitajia barabara, hajajibu.

Mtu ataniambia, na ameshaniambia, kwamba tukiwaita kanjo watawashukia akina mama mboga. Hofu hiyo ni ya kweli na nisingependa mtu aipuuze. Tumeona vibanda vikivunjwa kwa jina la usafi, kwa jina la upanuzi, kwa jina la mgeni anayekuja. Sitaki baiskeli iwe jina jingine katika orodha hiyo. Lakini pimeni wenyewe. Mama mboga ana turubai la mita moja na nusu, na ukimwambia sogea kidogo husogea, tena hukuuzia na ndizi. Gari moja linachukua mita tano na halisogei mpaka mwenyewe atoke. Mwaniaji ambaye mpango wake wa kufungua njia unaanza na wachuuzi, na magari hayataji, ameshachagua upande wake. Anayesema atawatengea wachuuzi nafasi yao iliyopimwa kando ya njia, kabro yao na paa lao, huyo mpeni kiti akae tumsikilize.

Na boda boda je? Hapa nitasema jambo litakaloniletea kelele kutoka upande ule wa kushoto, nawaona mmeanza kutabasamu. Pikipiki inapita njia ya baiskeli kwa sababu foleni imesimama na mteja anahesabu dakika. Hakuna mwaniaji atakayewaambia vijana wa boda watoke hapo, kwa sababu boda ni kura nyingi zenye sauti kubwa, na msafara wa kampeni bila pikipiki ni mazishi. Wengine huja na suluhisho la nguzo: tuweke nguzo mwanzoni mwa njia. Nguzo inazuia gari, hilo sawa. Pikipiki haiizuii, kwa sababu panapopita mpini wa baiskeli yenye mitungi, pikipiki nayo inapita. Kinachosaidia ni steji. Boda wengi husimama juu ya njia kwa kuwa hawajapewa pa kusimama, na mahali pa steji napo ni jambo la kaunti. Muulizeni MCA wenu: steji za wadi hii ziko wapi kwenye ramani? Mkiambiwa ramani haipo, hiyo pia ni habari.

Sasa yule wa "nitajenga jiji zima". Huyu anahitaji karatasi moja tu mbele yake. Mwaka wa 2015, wakati wa Gavana Evans Kidero, Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ikisaidiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ambalo makao yake yako hapa hapa Gigiri. Ndani ya sera hiyo kaunti ilijifunga kutenga asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara, iliyopo na itakayokuja, kwa ajili ya wanaotembea, waendesha baiskeli na usafiri wa umma. Nisiwadanganye: ishirini hiyo si ya baiskeli peke yake, tunagawana na mabasi na wanaotembea. Lakini ipo. Tangu hapo tumepita kwa Kidero, tukapita kwa Sonko ambaye mwaka wa 2019 aliipunguzia Luthuli Avenue magari ikapendeza, tukapita kwa NMS na Kananu, tukafika kwa Sakaja. Magavana wamebadilika na sera haikufutwa. Kwa hiyo anayesimama leo kutuahidi "sera mpya ya baiskeli" anajaribu kutuuzia shati letu wenyewe.

Swali lake ni jepesi: katika kila shilingi mia ya barabara, ishirini zile zitaonekana ukurasa gani wa bajeti? Akisema ataangalia, mwambieni sisi tutaangalia pia. Na hapa ndipo mwakilishi wa wadi anapohusika kuliko anavyotaka mjue. MCA hajengi barabara. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kuwakilisha, na kumkagua gavana, na bajeti haipiti bila Bunge la Kaunti. Akiwaambia hana uwezo, muulizeni alipiga kura gani mezani, au atapiga gani.

Kuna kalenda ambayo ningependa muibandike ukutani, jikoni, karibu na ile ya kanisa au ya msikiti. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kaunti huwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka ifikapo Septemba mosi. Taarifa ya mkakati wa fedha hutoka ifikapo Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30, na bajeti yenyewe hupitishwa kabla ya Juni 30. Katikati ya hayo kuna vikao vya umma, maana Katiba inadai ushirikishwaji. Tangazo hutoka gazetini au kwenye tovuti, siku chache kabla, kikao kinawekwa siku ya kazi saa nne asubuhi. Wanaofika ni wale wale, wanapewa soda na mkate, wanatia sahihi. Nimekaa kwenye viti hivyo. Watu watano wenye ukurasa mmoja uliochapwa, unaotaja barabara kwa jina na kasoro kwa picha, wanasikika kuliko watu mia mbili wanaopiga makofi, kwa sababu karatasi lazima iwekwe kwenye faili.

Tazameni jinsi tarehe zinavyobanana mwaka ule. Kura ni Agosti 10. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa Septemba mosi, wiki tatu baadaye na siku moja. Mpango wa kaunti wa miaka mitano uliopo, ule wanaouita CIDP, unakwenda hadi 2027, na unaofuata utaanza 2028. Gavana atakayeingia ndiye atakayeuandika. Kisichoingia kwenye CIDP kina shida kubwa kupata shilingi kwa miaka mitano inayofuata. Hii maana yake ni kwamba mwaniaji asiye na orodha ya barabara wakati wa kampeni hatakuwa na muda wa kuitafuta akishaapishwa. Wataalamu watamletea ya zamani, atatia sahihi. Orodha ni yetu kuitengeneza, sasa, barabara kwa barabara, kwa lugha ya fundi: hapa kifuniko, hapa taa, hapa ngazi ya mtaro ifanywe mteremko, hapa nguzo za kuzuia magari, hapa steji ihamie ng'ambo.

Nisiwafiche bei ya kisiasa ya jambo hili, kwa sababu mwaniaji makini ataiuliza na anastahili jibu. Huko Bogotá, Colombia, meya Enrique Peñalosa aliingia madarakani mwaka wa 1998. Alijenga zaidi ya kilomita 200 za njia za baiskeli, lakini kilichomletea moto hakikuwa kujenga. Ilikuwa kuyaondoa magari kwenye njia za miguu na kuweka nguzo ili yasirudi. Wenye magari na wenye maduka walikasirika mpaka ikaanzishwa kampeni ya kumng'oa ofisini. Hakung'oka. Aligombea tena baadaye akashindwa, akagombea tena, na mwaka wa 2015 akachaguliwa upya. Paris nayo, Anne Hidalgo aliifunga sehemu kubwa ya Rue de Rivoli kwa magari binafsi mwaka wa 2020, katikati ya msimu wa uchaguzi, akatukanwa kila siku, na Juni akashinda. Simaanishi Nairobi ni Paris. Barabara ya Paris haina mitungi minne ya maji. Ninachosema ni kwamba kote huko kelele zilitoka kwa waliozoea kuegesha. Anayewaahidi njia ya baiskeli isiyomkasirisha mtu yeyote anawaahidi rangi.

Ndiyo maana nawapenda wawaniaji wanaosita. Kuna mmoja, kijana tu, nilimuuliza swali la mnyororo akanyamaza kitambo kizuri. Akasema nusu ya watakaofungwa mnyororo ni wafanyabiashara wanaomchangia pesa za kampeni. Halafu akauliza kama anaweza kuanza na barabara ya shule, wakati wa kuingia na kutoka watoto, kwa sababu hapo hata mwenye duka ataona haya kubisha. Hilo lilinipendeza kuliko manifesto yoyote niliyoshikishwa. Sijui kama atashinda, na sijaja kumpigia debe. Lakini alionyesha ameifikiria barabara halisi yenye watu halisi, na akajua nani atamnunia.

Kwa akina dada waliopo, neno moja nimeagizwa na waliokuja kwangu jana. Wanasema njia ikiwa na kabro nzuri na haina taa, kwao haipo baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Taa za barabarani ziko kwenye lile lile Jedwali la Nne. Iwekwe kwenye orodha, tena juu, isije ikafika mwisho wa kikao ikakosa muda kama kawaida yetu.

Nimalize kwa utaratibu, maana mwenyekiti ananitazama. Fomu za orodha ya barabara ziko pale kwa fundi wa baiskeli karibu na mlango, yule mwenye ovaroli ya buluu. Andikeni jina la barabara, mahali penyewe, na kasoro moja moja. Msiandike "barabara mbaya", hiyo haimsaidii mtu. Tutazikusanya kwa wadi, na kila wadi ichague watu wawili wa kuzipeleka kwenye kikao cha bajeti.

Na nimeambiwa kuna wawaniaji watatu humu ndani, wawili wa MCA na mmoja ambaye bado hajatuambia anataka kiti gani. Karibuni mbele. Kila mmoja ana dakika tatu, na shukrani kwa chama, kwa mungu na kwa mama mzazi zinahesabiwa ndani ya hizo tatu. Tunaanza na mnyororo: barabara gani, na mwezi gani.